Zamu ya Niyubahwe

Nilikuwa nimesimama ndani ya kaburi la mzee Ndihokubwayo, udongo mwekundu umeniganda mpaka magotini, na nilikuwa nimekataa kutoka.

"Hazikwi mtu hapa," nilifoka. "Huyu si wa kwetu. Mrudisheni kwao Burundi, ardhi ya Kasulu imejaa."

Esteri, binti yake mkubwa, alikuwa amekauka tangu alfajiri, hana chozi wala neno. Aliponisikia alicheka mpaka akakaa chini, na kicheko kikageuka kilio, akalia kama anavyopaswa kulia mtu aliyefiwa na baba. Wakaniletea jogoo, malipo ya mtani, nikatoka, mzee akashushwa. Hiyo ndiyo kazi ya mtani.

Sisi wanawake wa Kiislamu hatuna desturi ya kwenda makaburini, lakini mtani hana ruhusa ya kukosa. Marehemu baba yangu aliuza vitenge, mzee Ndihokubwayo alishona viatu barazani petu, na walitaniana mpaka uzeeni. Baba alipofariki, mzee alilala mbele ya jeneza akidai mtu mchoyo namna ile asipelekwe kokote mpaka atubu. Tulicheka na machozi yetu. Utani huo ndio niliorithi pamoja na duka.

Basi kuna mtu alinirekodi pale kaburini. Katika video hakuna jogoo, hakuna Esteri, kuna kidole changu na sauti yangu tu. Na zilikuwa siku za kampeni, mimi nikigombea uenyekiti wa mtaa ambao nusu ya watu wake wana asili ya Burundi, raia wenye kura zao. Kufika Ijumaa, Kasulu nzima ilikuwa na jina langu jipya: Firdausi mbaguzi.

Venanti, katibu wa chama chetu, alikuja dukani amekunja uso.

"Dada, jiondoe kwa heshima. Sema uchungu wa msiba ulikuzidi."

"Uchungu gani? Nilikuwa kazini."

"Watu hawajui hayo."

"Watajua. Nikijiondoa nimekiri. Sijiondoi ng'o, Venanti, na chai yako inapoa."

Nilikuwa na hasira, sitaficha. Usiku nilikuwa nikigombana na dari. Lakini nilijiambia: mkutano wa Jumapili nitapanda jukwaani, na asiyetaka kunisikia azibe masikio.

Jumapili Esteri ndiye aliyenitangulia kusimama, bado na kitambaa cha msiba kichwani. "Baba yangu alizikwa na mtani wake," alisema. "Mnataka nini tena?" Watu wakapiga makofi. Nikashusha pumzi, nikadhani yamekwisha.

Ndipo akasimama Niyubahwe, mama anayeuza maharage sokoni. Hakupanda jukwaani. Aliongea palepale alipokuwa.

"Nimezaa kambini Mtabila, nikiwa mkimbizi, nimezika Mtabila. Leo nina uraia, na maneno yale bado naambiwa kisimani, na watu wasiocheka. Esteri ana utani na wewe. Sawa. Lakini utani ni wa kutupiana, na mimi yamenifika bila zamu. Zamu yangu nani alinipa?"

Venanti alinyoosha mkono achukue kipaza sauti. Nilikivuta kwangu.

"Chukua zamu, mama."

"Haya. Wewe Firdausi ni Mmanyema. Babu yako alitoka Kongo, akavuka ziwa na mzigo wa mtu mwingine kichwani. Duka unalo, kwenu hapa huna. Rudi ng'ambo."

Hakucheka. Hakuna aliyecheka. Wallahi iliniunguza. Habari ya babu yangu na ule mzigo wa utumwani hatuisemi hata nyumbani, na huyu ameimwaga mbele ya mtaa mzima. Damu ilinipanda masikioni, jibu baya likanifika ulimini, nami nikalimeza kama klorokwini, maana mtani hakasiriki, na mimi ndiye niliyekuwa nimejiita mtani.

"Umenipata, mama," nikasema. "Njoo dukani uendelee. Hujamaliza."

Niyubahwe akafunga kanga yake vizuri, akakaa. "Nitaona," alisema.

Uchaguzi nilishindwa. Venanti anasema ningejiondoa mapema ningeokoa jina. Jina langu lipo palepale, na mara ijayo nagombea tena, atake asitake.

Niyubahwe hakuja kesho yake, wala mwezi ule. Alikuja baada ya mavuno ya maharage, akasimama mlangoni kama mtu aliyepita tu. Tangu siku hiyo hupita kila asubuhi akienda sokoni, akinisalimu kwa Kirundi.

"Bwakeye, Firdausi. Bado hujarudi kwenu?"

"Nakusubiri wewe, mama, tuongozane."

Hushusha kapu, akakaa kwenye benchi langu tunywe chai, na wateja wageni hututazama kwa hofu.