Pua ya Willis Ukweni Kisegi

Pua ya Willis wa Sori ilivunjwa na kasia, siku ile ambayo samaki mmoja aina ya mbuta, kwa maelezo ya baba yake mdogo Javan, aliivuta mashua yao mbali ziwani hadi waliomo wakaanza kufanya mazoezi ya Kiswahili cha Tanzania. Tangu hapo ilipinda vibaya sana. Willis akipiga chafya akitazama Sindo, anayelowa yuko Muhuru. Tundu la kushoto likabaki la urembo tu.

Mwezi uliopita daktari alimnyooshea mfupa wa ndani. Kwa nje pua ikasimama kama mlingoti. Lakini ndani! Huko juu kulikuwa na kitu kikavu kimeng'ang'ania kama gamba la samaki ngege, mara kinawasha, mara kinakwaruza, na harufu hakuna kabisa. Daktari akamwambia ni kigaga cha kidonda, kitalegea chenyewe. Anyunyizie maji ya chumvi, asiingize kidole, asipenge, na chafya ikija aachame mdomo wote.

"Na nikiwa ukweni, daktari?"

"Uachame vilevile."

Ni wazi daktari hakuwa ameoa upande huu wa ziwa. Mkwe mbele ya mama mkwe hachokoi pua, hapengi, na akiachama mpaka magego yahesabike, basi arudi kwao akaoe kiboko. Na Jumamosi hiyo ndiyo Willis alikuwa anakwenda Kisegi kumposa Lorine, ambaye mama yake, Priscilla, alishamfukuza mchumba mmoja kwa kosa la kuingia nyumbani na miwani ya jua.

Mambo yalianza vizuri. Javan, msemaji wa upande wa Sori, alisalimia kwa niaba ya watu, ng'ombe na samaki wa kwao. Risper, shangazi yake Lorine, akaleta samaki wa kufungua mazungumzo. Alipofunua tu bakuli, kigaga kikamkwaruza Willis. Akakunja pua. Akaikunja tena.

Priscilla, aliyesimama mbali karibu na mlango kama ilivyo heshima, alimgeukia mumewe. "Baba Lorine, hebu uliza mgeni. Hiyo samaki inanuka?"

"La, mama!" Javan akadakia. "Kijana huyu pua yake ina—" Willis akamkanyaga mguu. Nani ataje mambo ya kamasi hapa? Javan hakuyumba. "—ina maombi. Huyu huomba na kila kiungo."

"Amina," akasema Baba Lorine, bila imani nyingi.

Muwasho ukapanda hadi machoni, machozi yakatiririka.

"Sasa analia," Risper akanong'ona kwa sauti ya kusikika Sindo. "Anaaga ng'ombe zake za mahari."

Wanawake wote wakatoka jikoni, wakajaa mlangoni kutazama bwana harusi wa maombi na machozi. Willis aliuma ulimi. Akafikiria Lorine. Akafikiria kiboko. Kisha akalikumbuka neno la daktari, akachomoa leso na kuachama.

Chafya iliyotoka hapo, Javan anaapa mpaka leo, wavuvi wa Sindo walikunja matanga. Kigaga kikaruka ndani ya leso. Jogoo wa jirani akawika saa nane mchana, kisha akaona aibu.

"Javan," Priscilla akaanza polepole, "chukua mtoto wako mwende—"

Willis alikuwa anavuta pumzi. Hewa iliingia kwa matundu yote mawili, baridi kama maji ya mtungini, na ikaja na kila kitu: samaki wa Risper, mtamu; koti la Javan, lenye harufu ya sanduku; na kitu kingine. Akasahau adabu zote, akamwambia mkwewe uso kwa uso:

"Mama, kuku wako anaungua."

Priscilla akatimua mbio, Risper nyuma yake. Jikoni hakukuwa na mtu, sufuria imekauka, na kitambaa cha kushikia kimeshaanza kuwaka chini ya paa la nyasi. Walizima kwa maji ya ndoo. Kuku wa wakwe, ambaye bila yeye posa haifungwi, aliokoka ubavu mmoja.

Priscilla alirudi na masizi kwenye shavu, akasimama palepale pake karibu na mlango. Alimtazama Willis, kisha akamgeukia mumewe.

"Baba Lorine, waambie watu wa Sori hiyo pua tumeikubali. Mwenyewe tutamzoea."