Zamu ya Marehemu

Jumanne ya tarehe kumi na nane, mwezi wa tisa, saa nane kamili mchana: hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mzee dobi akiulizwa mkewe alifariki lini, hutaja saa hiyo, ingawa cheti cha kifo kinasema Jumatano asubuhi. Cheti wameandika wenyewe. Yeye alikuwepo.

Alikuwa amekaa kwenye benchi la saruji nje ya wodi ya wazazi, kikapu cha chakula magotini. Hospitali ile aliijua ndani na nje. Alifua mashuka yake miaka thelathini na moja mpaka walipompa barua ya kustaafu. Mkewe, mkunga, alipewa yake baadaye, kwa keki na makofi. Presha ilishaanza kumsumbua. Hata mwaka wa kupumzika hakuumaliza, wakubwa wakampigia simu: wakunga hawatoshi, wastaafu warudi kwa mkataba. Vijana wenye vyeti walijaa tele mitaani, lakini kuwaajiri kulitaka kibali, na kibali kilikuwa kimelala usingizi mezani kwa mkubwa fulani. Dobi alipinga mpaka sauti ikamkauka. Mkewe akajifunga kilemba, akaenda.

Wodini kulikuwa na mwiko mmoja: mkunga hatoki mpaka mwenzake afike, wazungukie vitanda pamoja, kisha watie sahihi zote mbili kwenye daftari. Saa nane, mwisho wa zamu yake, ikapita. Saa tisa nayo. Saa kumi mkewe akatokea mlangoni, simu sikioni, mkono kiunoni.

"Hebu nisomee hilo jina tena, Matron." Akasikiliza, akakata simu, akamgeukia mumewe. "Baba Watoto, unajua nani anakuja kunipokea? Chiriku."

"Chiriku yupi?"

"Huyo huyo."

Chiriku, mkunga mwenzake, mwanamke ambaye mdomo wake haukujua likizo, walimzika mwaka juzi. Dobi mwenyewe alibeba jeneza.

"Umemwambia Matron?"

"Nimemwambia. Anasema kwenye orodha yupo."

Wakaangua kicheko. "Basi mngoje," dobi akasema. "Huyo hata alipokuwa hai hakuwahi kuwahi kazini." Mkewe akacheka hadi akafuta machozi kwa pindo la aproni, akarudi ndani, maana mle kulikuwa na wanawake watano wenye uchungu.

Kicheko kile ndicho kinachomla dobi mpaka leo. Angemshika mkono. Angepiga kelele mpaka Matron ashuke ngazi. Yeye akacheka, akaacha kikapu, akaenda zake nyumbani.

Mkewe aliwazalisha wote watano. Saa moja asubuhi akaanguka, glavu mkononi, mbele ya daftari lenye sahihi moja.

Wiki ya saba baada ya mazishi, Ijumaa adhuhuri, muuguzi msaidizi wa wodi ile akampigia simu.

"Shikamoo baba. Nisamehe kwa hili. Jina la mama limo kwenye zamu ya leo, kuanzia saa nane. Anayengoja kupokewa ni bibi mwingine wa mkataba. Ana kisukari, na tangu alfajiri hajakaa. Matron anasema kwenye orodha mama yupo."

Dobi akachukua cheti cha kifo, akajikokota kwa magoti yake mabovu hadi ofisi ya afya, ghorofa ya pili. Ofisa wa ajira alikuwa kijana mpole, shati limepigwa pasi na mtu asiyejua kola.

"Pole sana, mzee wangu. Karibu ukae."

"Sikuja kukaa. Nimekuja umfute mke wangu."

Ofisa akakisoma cheti, akaigeukia kompyuta. Orodha, akaeleza, ilitolewa kwenye majalada ya wastaafu, na majalada yanajua mtu amestaafu lini. Amekufa lini hayajui. Kumfuta kunataka barua ya hospitali, fomu, na muhuri wa mkuu. Mkuu yuko semina.

"Jumatatu tutalishughulikia, mzee."

"Aliyempanga leo ni nani?"

"Ni mfumo."

"Mfumo una mikono? Nitajie mtu, nikamtazame machoni. Mtaani kwangu kuna mabinti wanne wenye vyeti vya ukunga, wanasuka watu nywele barazani. Ninyi mnafukua makaburi!"

Ofisa akainamisha kichwa. "Mzee, hata mimi hapa niko kwa mkataba."

Dobi akakosa pa kuipeleka hasira yake. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika ishirini. Akilini akamwona mwanamke asiyemjua, miguu imemvimba, akichungulia koridoni kila viatu vinapolia sakafuni.

"Haya, mwanangu. Mambo ya karatasi yangoje hiyo Jumatatu yenu," akasema taratibu. "Lakini yule bibi aliyeko wodini sasa hivi anamngoja mke wangu. Nani anakwenda kumpokea?"