Rabda Hauzwi

Wadha alirudi kutoka kisimani na ngamia wawili waliobeba viriba vya maji, akakuta kondoo ameshachinjwa na mgeni ameshashiba. Hapo hapo akajua kuna kitu kimeuzwa, maana Mijwal, shemeji yake, hakuwahi kumchinjia mtu bure.

"Afadhali umefika, shemeji," Mijwal alisema, vidole bado vina mafuta. "Huyu ni Bwana Rushdi, ametoka Aleppo. Anamchukua Rabda. Neno nimeshampa."

Rabda alikuwa farasi wa Wadha. Baba yake alimpa Rabda akiwa kitoto kilichofiwa na mama, naye akamlea kwa maziwa ya ngamia na kumlaza hemani, upande wa wanawake, baridi ilipokuwa kali. Mume wa Wadha alipofariki, Mijwal akawa mwanamume wa hema, akadhani na vilivyomo ni vyake.

"Neno lako na farasi wangu," Wadha alisema, "vilikutana wapi?"

"Tutapata lori. Hutahangaika na viriba tena. Nakutafutia raha, wewe unaninunia."

"Raha ya kutafutiwa na mwizi siitaki."

Mijwal akacheka, ili mgeni naye acheke. Hasira ikampanda Wadha hadi masikio yakavuma. Lakini mgeni ameshakula na neno limeshatoka. Kulivunja mbele yake ni kulivua nguo hema zima, na aibu hiyo ingewafuata wajukuu. Mijwal alilijua hilo, ndiyo maana aliwahi kuchinja kabla hajarudi.

Rushdi, mtu wa adabu zake, aliinuka akampapasa Rabda tumbo. "Ana mimba. Nani alishuhudia akipandwa na dume?"

Farasi wa damu safi hapandwi bila shahidi. Mashahidi wa Rabda walikuwa wawili, Wadha na mumewe, na mmoja yuko kaburini.

"Shemeji alikuwepo," Mijwal alisema. "Mwambie bwana. Si lilikuwa dume la marehemu?"

Lilikuwa lenyewe, lile lenye kipaji cha uso cheupe, ambalo Mijwal aliliuza kabla udongo wa kaburi haujakauka. Wadha akamtazama anavyotabasamu.

"Lilikuwa la muuza vyungu," alisema. "Lile chotara lake la mizigo. Lilikata kamba tukiwa mbali, tukalikuta limeshampanda. Tuliona aibu, tukanyamaza."

Rushdi aliuondoa mkono kama aliyegusa sufuria ya moto. Hakumtaka aape. Nani angemchafua farasi wake mwenyewe kwa uongo? Jike likishapandwa na chotara, hata mara moja, damu yake imeharibika maisha, na kizazi chake chote hakihesabiwi.

"Mungu akufidie, dada yangu," alisema kwa upole. "Mwingine angenificha." Akaondoka bila kumaliza kahawa.

"Umetuua," Mijwal alisema.

"Kanunue lori kwa ngozi ya kondoo wako."

Siku ile Wadha alilala amefurahi kwa hasira yake. Kumbe maneno hayalali. Wiki haikuisha, wanawake kisimani walikuwa wakimpa pole kama aliyefiwa, na ndugu zake mwenyewe, waliokuwa wakimbembeleza awape kizazi cha Rabda, wakaacha kumtaja.

Majira ya kuchipua Rabda akazaa jike. Kipaji kilikuwa cheupe, shingo imepinda vizuri, kila mfupa wa lile dume la marehemu umerudi. Watu wakaja kutazama, wakatikisa vichwa.

"Mzuri," Mijwal alisema. "Basi tu, baba yake alibeba vyungu."

"Mwongo wewe," Wadha alisema. "Baba yake unamjua. Ulimuuza wewe."

"Ulisema mwenyewe, shemeji. Au ulimdanganya mgeni ndani ya hema letu?"

Wote wakamgeukia, wakimngoja ajibu. Akikiri, yeye ni mwongo, na shahidi mwongo haulizwi mara ya pili. Akinyamaza, kitoto kinabaki mtoto wa chotara. Hasira ilikuwepo bado, tele, lakini haikuwa na pa kwenda.

Akainama, akakisogeza kitoto kwenye chuchu za mama yake, kinyonye.