Nukta Kwenye Kioo cha Shubin

Kila Jumatatu saa nne asubuhi, afisa mteule Veniamin Lukich Shubin hufuta kwa spiriti kioo cha sona, mtambo wa nyambizi wa kusikiliza chini ya maji. Amri inasema gramu hamsini. Kioo hupata kumi, na zilizobaki humfuta Shubin mwenyewe koo. Jumatatu hiyo ya Mei nyambizi ilikuwa imefungwa gatini, betri zake zimeshushwa kwa matengenezo, na waya wa umeme wa chumba cha sona ulikuwa umeviringishwa mezani. Hata hivyo kioo kikawaka kijani. Kulikuwa na nukta moja, upande wa kaskazini, maili tano. Shubin alikifuta tena, akafunga chupa, akaandika tarehe.

Jumanne nukta ilikuwa maili nne. Alivaa hedfoni akasikia chuma kikigongwa: mara mbili, kimya, mara moja. Aliijua sauti hiyo, na uso ukamwaka kwa haya.

Aliisikia mara ya kwanza mwezi Machi, katika mazoezi ya kujificha chini ya maji. Meli ya wavuvi ilikuwa imepinduka na kuzama karibu nao, na watu waliobaki ndani walikuwa wakigonga kwa spana. Shubin alimwarifu Kamanda Dolgushin. Kuibuka juu kungekuwa kuonekana, na kuonekana kungekuwa kushindwa mazoezi.

"Samaki hao, Lukich," kamanda alisema.

"Samaki hawashiki spana, Komredi Kamanda."

"Wa kwetu wanashika. Andika."

Shubin akaandika kwenye daftari la sona: samaki. Kugonga kuliendelea kwa muda wa saa kumi na tisa. Waliporudi walipewa mwananguruwe wa kuchoma, kama anavyopewa kila anayerudi na ushindi, na Shubin akakatiwa sikio kwa kuwa yeye ndiye masikio ya chombo. Alilila lote, na hilo ndilo analolionea haya kuliko yote.

Meli ile haikupatikana hata ubao. Ofisi ya bandari, ambayo haipendi kuacha nafasi tupu kwenye fomu, iliandika kwamba wavuvi wametorokea Norwei. Klavdia Yegorovna, mpakua supu wa kantini ya bandari ambaye mumewe alikuwa mmoja wao, akawa mke wa mtoro. Alipewa mpaka Juni ahame chumba chake.

Jumamosi nukta ilifika gatini. Sasa kugonga kulisikika bila hedfoni, na mabaharia wakaongeza sauti ya redio. Mpishi alilalamika kwamba vifuniko vya sufuria vinatikisika. Klavdia alikuja na ndoo ya supu, akasikia, akaiweka chini na kushuka ngazi. Mwanamke ndani ya nyambizi ni mkosi, kwa hiyo mabaharia walitema mate mara tatu juu ya bega la kushoto, kisha wakakunja miguu apite.

Aliketi kwenye kiti cha Shubin, akavaa hedfoni juu ya kitambaa cha kichwa.

"Timofei huyu," alisema. "Mbili, halafu moja. Ndivyo anavyobisha akisahau ufunguo." Akasikiliza tena. "Anauliza kama nimetoa viazi barazani visigande. Wewe ulimsikia lini?"

"Machi."

"Ukaandika nini?"

Shubin alimfungulia daftari. Mama yule alisoma polepole, midomo ikicheza.

"Niandikie mstari mmoja tu, Veniamin Lukich. Kwamba walikuwa wanagonga. Niwapelekee ofisini. Sikuombi nyambizi."

Shubin akashika kalamu. Kamanda Dolgushin alikuwa amesimama mlangoni. Alivua kofia, kwa kuwa ni mtu wa adabu.

"Pole sana, mama," alisema. "Lukich, imebaki miezi mingapi mpaka pensheni?"

"Kumi na minne."

"Haya."

Akavaa kofia akaenda zake. Chuma kiligongwa mara mbili, kimya, mara moja. Shubin alitazama wino ukikauka kwenye ncha ya kalamu. Alitamani mama yule amtukane, walau amtemee mate, lakini yeye alijifuta mikono kwenye aproni na kuuliza kama anaweza kuja tena kesho.

Juni Klavdia alihamia stoo ya kuni nyuma ya bafu la umma. Betri zilirudishwa, waya ukaungwa, mafundi wakaikagua sona na kuiona nzima. Nukta ilibaki palepale, na mabaharia wakazoea.

Klavdia huja kila siku saa tisa alasiri. Shubin humpisha kiti na kusimama nje ya mlango, maana hawezi kumtazama usoni. Lakini chombo cha jeshi hakiingiwi hivihivi, kwa hiyo alimtengenezea kibali cha kudumu. Kwenye nafasi inayouliza sababu ya kuingia, aliandika: kudeki.

Klavdia alikisoma, akakikunja, akakitia mfukoni. Kesho yake alikuja na tambara, akadeki chumba chote mpaka chini ya kiti, ndipo akaketi kumsikiliza mumewe.