Maji ya Angara

Mume wangu Duku alimega tonge moja, akalichovya kwenye mchuzi, akatafuna, kisha akaomba maji anawe. Tonge moja tu. Kaka yake Santo, aliyekuwa ametoka Abuku kwa baiskeli asubuhi hiyo kuja kutusalimia, alibaki na mkono wake juu ya sahani, hajui auteremshe au aurudishe.

"Twende kwa Annie," Duku akamwambia. "Huyu Kiden siku hizi ananipikia chakula cha maiti."

Wakaondoka. Tukabaki mimi na wifi yangu Nora, dada yao mdogo anayeishi nasi, na ugali wa muhogo unaofuka mvuke. Majirani zetu wa pale Koboko hawakuhitaji kuambiwa. Walimwona mgeni akitoka nyumbani kwangu na njaa yake akaenda kulishwa mkahawani. Kwetu, mwanamke akifanyiwa hivyo, habari hufika kisimani kabla yake.

Sikulia. Nilikuwa nimeshalia mapema mwaka ule, daktari wa Arua alipotuambia kwamba presha ya Duku imepanda vibaya na figo zake zimeanza kuchoka. "Chumvi basi, na mafuta kidogo sana," alisema. "La sivyo, mwaka huu hataumaliza." Duku aliitikia kwa adabu, kofia mkononi, lakini mwenye kuyabeba maneno yale mpaka nyumbani nilikuwa mimi. Nilimgawia jirani pakiti yangu ya chumvi. Nikapika bila, nikala bila, na Nora naye akala bila. Miezi mitatu mizima. Kunde zisizo na chumvi mnazijua? Unatafuna, unatafuna, unamalizia kumeza kwa sababu tu huwezi kutema mbele za watu.

Duku ni fundi cherehani, na mchana alikuwa akila sokoni kwa Annie, mama wa Kikongo mwenye mkahawa nyuma ya vibanda vya nguo. Kwa hiyo nilimfuata Annie mwenyewe, nikamshika mkono, nikamweleza yote. Alinionea huruma ya kweli, niliiona machoni mwake.

"Dada, lala usingizi," aliniambia. "Mutu yako nitamupikia sufuria yake, mbali na ya wengine. Chumvi haiko."

Nikalala usingizi, mjinga mimi.

Tuliporudi Arua, muuguzi alimfunga Duku mkono, akapima, akafungua, akapima tena. Presha ilikuwa imezidi ile ya kwanza. Miguu ilikuwa imevimba hata viatu vikakataa kuingia, akaja hospitalini na ndala. Daktari aliuliza nyumbani anapika nani. Duku akaninyooshea kidevu. "Huyu."

"Mama, unataka kumuua?" daktari akaniuliza, na mlango uko wazi, na foleni nzima ya wagonjwa inasikiliza.

Nilimtazama Duku. Nilingoja aseme kwamba nyumbani hali, kwamba matonge yangu wanayafaidi kuku, kwamba mchana yuko kwa Annie na jioni akijisikia yuko kwa Annie. Aliangalia dari. Miaka kumi na sita ya ndoa, na neno moja la kunitetea lilimshinda.

Kesho yake nilikwenda jikoni kwa Annie, nikaketi kwenye kigoda, nikamtazama akipika ile sufuria ya Duku. Kweli, chumvi hakutia. Alitia angara, samaki mkavu wa Ziwa Albert, aliyelazwa ndani ya chumvi mpaka ngozi ikafanya ukoko mweupe. Nyumbani kwetu tunamloweka, tunamwaga maji, tunamloweka tena. Annie alimloweka mara moja, kisha yale maji akayamimina yote sufuriani. "Utamu yote iko humu," alinieleza. Akafuatisha vidonge vinne vya mchuzi, vile vya dukani vya kukolezea, akivivunja kwa vidole. Akatia magadi ya majivu kulainisha kunde. Alipoepua, akachota mawese upawa mzima akayamwaga juu ili chakula king'ae.

"Umeona?" alisema, akijifuta mikono. "Chumvi hata kidogo. Mimi nalinda mutu yako kama kaka yangu."

Naye aliamini hivyo. Kwake chumvi ni ile nyeupe ya pakiti, basi. Neno langu moja lingetosha: angeshika kichwa, angeimwaga ile sufuria, angeniomba radhi mpaka nione haya. Neno lile nilikuwa nalo mdomoni. Lakini alikuwa ameshanikabidhi kijiko nionje.

Kilikuwa kitamu, Mungu anisamehe. Kilikuwa kitamu hata nikasikia taya zikiuma. Na pale pale nikaelewa kwamba Annie hana mkono wa kupika kunishinda. Miaka yote ile Duku alivyonisema mbele ya ndugu zake, mbele ya wageni, mbele ya mama yangu mzazi siku alipotoka Lobule kuja kunitazama, nilidhani kuna kitu sikufundishwa. Kumbe ni angara na vidonge. Hasira ilinijaa, kisha ikatulia, na ilipotulia ndipo ilipokuwa mbaya.

"Dada," nikasema, "nifundishe."

Jumapili Santo alikuja tena. Niliwaandalia. Duku alionja kwa mashaka, akamega tonge la pili, la tatu. Aliifuta sahani kwa kidole. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, naye anacheka.

"Leo umepika," alisema. "Santo, umesikia? Mke wangu leo amepika. Kwa Annie siendi tena. Mchana na jioni nitakula hapa."

Nilifurahi. Nasema ukweli wangu: nilifurahi hata nikaona haya, kama bibi harusi anayesifiwa mbele ya wakwe.

Nora hakula sana. Alionja, akaweka mkono chini, akawa ananitazama. Ndiye aliyekuwa ametusomea karatasi ya hospitali. Tulipokuwa jikoni tukiosha vyombo, aliuliza taratibu, "Wifi, daktari si alikataza?"

"Daktari ameshaambiwa anayepika ni mimi."

Nora alitazama huku na huku akitafuta kazi ya kufanya, akaliona beseni ambamo nilikuwa nimeloweka angara wa kesho. Aliliinua kwa mikono miwili ayamwage yale maji nje, kama tulivyozoea. Sebuleni Duku alikuwa bado anacheka na kaka yake.

"Usiyamwage," nikamwambia. "Yafunike."