Jina la Baba Mkwe

Asubuhi ile Dokta Hosiana alipiga pasi gauni lake la bluu mara ya pili, ingawa halikuwa na mkunjo. Mama yake alikuwa kwenye jiko la uani, pale nyumbani kwao, mtaa wa Bagara mjini Babati, anageuza maandazi kwa kijiti kirefu huku moshi ukimtoa machozi.

"Leo ndiyo wanakupa huo uprofesa?"

"Leo wanasikiliza ripoti tu, mama. Wakiikubali, ndipo mengine yafuate."

"Mama Jacqueline wa dukani kaniuliza tena unagombea udiwani lini. Nikamwambia mwanangu amesomea siasa, hafanyi siasa. Akasema basi ni sawa na mtu aliyesomea upishi halafu hapiki."

Hosiana hakucheka. Maneno ya namna hiyo yalikuwa yamemfuata kazini maisha yake yote. Alikuwa ameandika vitabu kuhusu waasi wa nchi za mbali, amelala kwenye mahema ya wakimbizi, amezungumza na vijana walioshika bunduki kabla hawajaota ndevu. Kote huko aliona jambo lile lile: vita vinavyoitwa vya kabila huanzia kwenye kitu cha kushikika, kisima au shamba, na kabila huja kumwagwa juu baadaye kama mafuta ya taa. Kila alipoandika hivyo, wasomi wenzake walimjibu kwa adabu kwamba ushahidi haujatosha.

Safari hii ushahidi ulikuwa wa nyumbani. Katika kijiji kimoja chini ya mlima Hanang, wafugaji wa Kibarabaig na wakulima wa Kiiraqw walikuwa wamepigana kwa mapanga na mikuki. Njia ya ng'ombe kwenda majini ilikutwa imelimwa mahindi, na kila upande ukasema mwingine ni mwizi. Magazeti yakaandika ni ugomvi wa makabila. Sasa kamati ya uchunguzi ilikuwa inakutana mjini Babati kutoa uamuzi. Ikiwa ni makabila, wafugaji wangehamishwa wapelekwe mbali. Ikiwa kuna mtu aliyeiuza njia ile kwa siri, njia ingerudishwa na kila mtu abaki kwake. Ripoti ya Hosiana ilisema njia iliuzwa, na aliyeona ikiuzwa ni mmoja tu, Mama Tingisha, mke wa mfugaji wa Kibarabaig.

Hosiana alimpokea stendi, anashuka kwenye basi la Katesh na shuka lake la zambarau, bangili za shaba zimepanda karibu na kiwiko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umenenepa, Mwiraqw. Mahindi ya kwenye njia yetu yamekukubali."

"Na wewe umekonda. Maziwa yote mnawapa ndama?"

Wakacheka, wakapanda bajaji. Njiani Mama Tingisha akasema, "Mwanangu bado anachechemea tangu yale mapanga. Kila akiona Mwiraqw anatema mate. Nataka asikie mbele ya watu kwamba mguu wake uliuzwa nyumbani kwetu."

Ukumbini kulikuwa na chai ya maziwa na sambusa chini ya kawa, na viti vya plastiki vilivyopangwa kama vya harusi. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Dokta Aniceti, kijana mwenye miwani, ambaye Hosiana mwenyewe alimfundisha chuoni. Walipofika kwenye ushahidi, Aniceti akaiweka sauti iliyorekodiwa. Mama Tingisha akasikika anaeleza: alikuwa anakamua, mtu wa mjini akaja, wakakubaliana nyuma ya zizi, wakapeana mikono. Mwishoni sauti ikasema, "Aliyeuza ni huyo."

"Huyo nani?" Aniceti akauliza.

Hapo Hosiana akakumbuka. Siku ile ya kurekodi, bomani kwake, Mama Tingisha aliposema "huyo," alielekeza kidevu kwenye kaburi la baba mkwe wake. Mgeni asingeelewa, angeuliza. Hosiana ni mzaliwa wa huku. Anajua kwamba mke wa Kibarabaig halitamki jina la baba mkwe, awe hai au amekufa, wala maneno yanayofanana nalo. Alielewa, akaitika kwa kichwa, akaendelea na swali jingine. Kidevu hakirekodiwi.

"Shahidi yupo," Hosiana akasema. "Muulizeni."

"Mama, aliyeuza ni nani?"

"Ni mkubwa wa kule nilikoolewa."

"Baba wa mume wako?"

"Kwetu baba wa mume si mmoja. Wako watatu, ndugu, na wote nawaita baba."

"Na mmoja wao yuko hai," Aniceti akasema, anawageukia wenzake. "Tukiandika mmoja kati ya watatu, yule aliye hai atatupeleka mahakamani. Mama, tutajie jina."

"Nimeolewa," Mama Tingisha akajibu. "Nitatajaje?"

Watu wa nyuma wakaguna. Mama Tingisha hakuonekana kusumbuka. Aliinamisha kichwa, akawa anazungusha bangili zake moja moja, midomo ikicheza bila sauti. Feni ya juu ililalamika. Mjumbe mmoja akatazama saa, mwingine akachukua sambusa. Hosiana aliitazama ile sambusa ikiliwa, akaona miaka yake yote inaliwa hivyo hivyo, polepole, na mtu asiye na njaa. Akasimama, akalitamka jina la yule mzee kwa sauti, lote, na la baba yake.

"Si ndiye, mama?"

"Ndiye," akasema Mama Tingisha.

Aniceti akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. "Mwalimu, umemtajia."

"Ni kweli tupu, Aniceti. Wewe mwenyewe unaona."

"Mwaka wa kwanza ulinipa sifuri kwa kosa hilo. Ukasema shahidi akiwekewa jibu mdomoni, jibu ni la mwuliza." Hakusema kwa kejeli, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. "Siwezi kuliandika."

Kabla ya chakula cha mchana kamati ilikuwa imeandika: ugomvi wa makabila.

Walirudi stendi kwa miguu. Hosiana alimnunulia Mama Tingisha mkungu mdogo wa ndizi mbivu, akamtafutia kiti cha dirishani.

"Tingisha nimwambie nini?" mama yule akauliza.

Badala ya kumjibu, Hosiana akauliza, "Pale uliponyamaza, ulikuwa umekataa?"

"Nikatae, nimetoka Katesh alfajiri? Nilikuwa natafuta pa kupitia. Maneno mengi yanafanana na lile jina, lazima niyazunguke."

"Ukapata?"

"Nilikuwa nimeshapata. Siku naletwa nyumbani kwao nilikataa kuingia, kama bibi harusi wetu anavyokataa, mpaka apewe ng'ombe. Ningewaambia: ni yule aliyenipa ng'ombe mwekundu ili niingie. Aliyenipa ni mmoja tu, kijiji kizima kilikuwepo." Akamenya ndizi, akaikata katikati, akampa Hosiana nusu. "Ulisimama haraka, mwanangu."

Kondakta akapiga bati, na basi likaondoka. Hosiana akabaki pale kati ya bodaboda na nusu ndizi mkononi, anafikiria mama yake atakavyouliza habari za uprofesa, na kwamba leo Mama Jacqueline atakuwa amesema kweli kuhusu mtu aliyesomea upishi halafu hapiki.