Kompyuta Kwenye Chumba cha Nyama

Kiyoyozi cha maabara ya mdogo wangu kilikufa Jumanne, na kompyuta yake ikazimika kwa joto mara mbili. Ijumaa saa sita mchana alitakiwa awe amepeleka majibu. Yasipofika, chanjo ya mafua ya msimu unaokuja ingetengenezwa kwa virusi vya mwaka jana.

Aliniambia hayo akiwa amesimama mbele ya kaunta yangu, mimi nakata mbavu. Mimi ni muuza nyama. Shule niliiacha mapema, yeye akasoma hadi sehemu yangu. Nyumbani tunamwita Daktari, ingawa hata kidonda hajawahi kukifunga.

"Kaka, chumba chako cha baridi kina jenereta?"

"Kina. Kwani vipi?"

"Nina mgeni, nataka alale humo."

Mgeni alishushwa kwenye pikapu Jumatano asubuhi. Sanduku jeusi, zito kama paja la ng'ombe, feni nyuma, linanguruma kama pikipiki iliyotoboka ekzosi. Tukaliweka juu ya meza katikati ya nyama zilizoning'inia. Nikauliza linafanya nini.

Daktari akanieleza. Wauguzi wanapangusa pua za wagonjwa kwa kijiti. Maabara inasoma vinasaba vya virusi vilivyomo, vinatoka kama mstari mrefu wa herufi. Kompyuta inalinganisha mistari ya maelfu ya wagonjwa, halafu inachora ukoo: kirusi gani kimezaa kipi, tawi gani linanyauka, lipi linazaa kwa fujo. Hilo la mwisho ndilo watengeneza chanjo wanalolitaka.

"Kwa hiyo kazi yako ni umbea wa koo za watu."

"Koo za virusi. Na umbea wangu una hesabu."

"Na umeme ukikatika kabla jenereta haijawaka?"

"Kuna betri hapo chini. Ila ikizimika kabisa..." Akajikuna shingo. "Inaanza upya."

"Haikumbuki ilikofika?"

"Ingeweza. Programu niliiandika mbiombio, nikasahau kuiagiza ihifadhi kazi njiani. Na sasa nikiisimamisha kuirekebisha, muda umeisha."

"Miaka yote ile ya shule!"

"Kaka, usianze."

Nikaona mgeni wa watu anahema, nikaongeza baridi hadi mwisho na kufunga mlango. Nilidhani namsaidia. Daktari aliporudi kuchungulia alipiga kelele, nikadhani kaona nyoka. Joto la mashine lilikuwa limepanda likakutana na dari ya baridi, dari ikatoka jasho, na matone yalikuwa yanadondokea sanduku. Nikakimbia nyumbani kuchukua mwavuli wa mke wangu, ule wa maua, tukaufungua juu ya kompyuta. Baridi ikabidi tuipunguze, na mlango tuuache wazi ili hewa ipite.

Kompyuta ikafurahi. Nyama haikufurahi.

Friji ya nyumbani ikajaa, ya jirani ikajaa, nyama iliyobaki ikabaki palepale. Alhamisi akaja Mama Mgahawa, mteja wangu mkubwa kuliko wote. Akaona mlango wazi, akanyoosha shingo.

"Baba, huyo nani umemfunika mwavuli?"

"Kompyuta ya mdogo wangu. Inachunguza virusi vya mafua."

Mwingine angesema ni redio. Mimi kuzungusha maneno siwezi.

"Virusi! Kwenye nyama yangu?"

"Virusi vyenyewe havimo, mama. Ni herufi zake tu."

"Herufi za virusi!"

"Herufi haziambukizi."

"Wewe uliishia darasa la ngapi hata unifundishe mimi?"

Akavuka barabara hadi kwa mshindani wangu, akiongea peke yake njia nzima. Kufika alasiri mtaa wote ulikuwa unajua kwamba nauza maini yenye mafua.

Daktari alinikuta nanusa mbavu.

"Inanuka?"

"Bado. Kesho itanuka."

Akaenda nyuma ya sanduku, akashika waya. "Nichomoe? Ukifunga mlango sasa hivi utaokoa nyingi."

Mama yetu ana kifua kibovu. Mwaka jana alichanjwa kama wenzake, lakini mafua yalikuwa yameshabadilika, yakaipita chanjo kama hayaioni. Alilazwa na mpira wa oksijeni puani, na mimi ndiye niliyemshikia beseni.

"Mwaka jana chanjo ya mama ilikosea tawi, sivyo?"

"Ilikosea."

"Basi toa mkono hapo kwenye waya. Nyama hii ilishakufa, hatuwezi kuiua tena."

Alicheka, halafu akalia kidogo, halafu akanikemea kwa kumliza.

Ijumaa saa nne ngurumo ikapungua. Kwenye skrini kulikuwa na mti, matawi mengi membamba, na moja limetanuka kuliko yote. Daktari akaligusa kwa kidole. "Huyu hapa. Mwaka jana hakuwa na hata jina." Majibu yakaenda, na baada ya wiki wakamjibu: tawi hilo linaingia kwenye chanjo. Alinirukia shingoni na aproni yangu ikiwa na damu, hakujali.

Mama yetu akapiga simu.

"Nasikia siku hizi unauza virusi."

"Ndiyo, mama."

"Kwa kilo?"

"Kwa herufi, mama. Wewe utapewa bure, kwenye sindano."

Gharama yake ni hii. Nusu ng'ombe. Mbuzi wawili. Maini yote. Friji ya jirani, iliyoungua kwa kushindiliwa. Mwavuli wa mke wangu, ambao sasa haufungiki. Na Mama Mgahawa, ambaye hajarudi.